Kumbatio Rasmi la Kanda ya Mlima

Kuanzia tarehe mosi Januari, hakuna mti wowote katika Kanda ya Mlima utakaouzwa, kununuliwa wala kuahidiwa mtu kabla haujakumbatiwa na Serikali.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nalisema bila majivuno, maana nakala iliyobandikwa nje ya ofisi yetu pale Ruring'u, ghorofa ya juu ya bucha, ina sahihi ya Mkurugenzi peke yake, na watu wengi wamedhani ni yeye aliyefikiria neno "kuahidiwa". Mimi ni Gicheru, Katibu wa Vipimo katika Ofisi ya Kusimamia Soko la Miti Iliyosimama. Miti iliyoanguka ina ofisi yake, na hatusalimiani.

Kwa wasiojua uchumi wa miti, nitaeleza polepole. Miaka ile serikali ilipofunga misitu yake isikatwe, mafundi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hawakuacha kujenga. Mbao walizitoa mashambani kwa watu: saiprasi za mpakani, mikaratusi ya bondeni. Mti ukawa akiba ya nyumbani. Mwenye shamba akibanwa, humwita dalali, na dalali huja kuutazama mti ukiwa bado umesimama, waelewane bei kabla msumeno haujafika.

Na hapo ndipo palipokuwa na aibu. Dalali hakuja na kifaa. Alikuja na mikono. Aliusogelea mti, akaukumbatia kama shangazi aliyerudi kutoka safari ndefu, akaupiga kofi mara mbili, akatazama juu, akataja bei. Aliyevuma zaidi ni Kingori wa Chaka, ambaye amekumbatia miti kwa miaka thelathini na mmoja. Kingori akisema mti utatoa mbao futi mia tatu za inchi nne kwa mbili, ukipasuliwa hutoa mia mbili tisini na nane, na hizo mbili zilizobaki atakuonyesha zilikopotelea kwenye vumbi la msumeno. Soko zima la mbao lilikuwa limeegemea kifua cha mtu mmoja asiye na cheti.

Serikali isingeweza kutazama tu. Tulifanya warsha ya wadau katika hoteli moja ya Nanyuki, siku tatu, chakula na malazi.

Kulikuwa na waliopendekeza tepu. Tepu ya fundi inauzwa kila duka la vyuma, na huzunguka mti kwa nusu dakika. Tuliijadili kwa haki, tukaona ina kasoro za kimsingi. Tepu haina cheo. Haitii sahihi. Ukiituma mashambani Kieni kupima miti haidai posho, jambo ambalo mhasibu wetu alisema lingeacha fungu zima la bajeti bila kazi, na fungu lisilo na kazi hukatwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo tukaamua kuyaenzi maarifa ya wenyeji. Kumbatio libaki, ila liwe la Serikali.

Likabaki swali moja: mikono ya nani? Hapo hapakuwa na mjadala mrefu, kwa sababu mwenyekiti wa kikao alikuwa Mkurugenzi wetu, Bwana Wamae. Alisimama, akavua koti, akaiendea nguzo ya ukumbi na kuikumbatia. Tulipiga makofi hadi wahudumu wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Bwana Wamae ni mtu mwema na mcheshi, mwenye umbo la mtu aliyekaribishwa vizuri kila alikokwenda. Mikono yake si mifupi hata kidogo. Ila kati ya mikono hiyo na mti yupo Mkurugenzi mwenyewe, na Mkurugenzi hufika kwenye mti mapema kuliko mikono yake.

Kingori, ambaye tulimwalika ili tumshirikishe, aliinua mkono.

"Si mkate kamba urefu ya hiyo mikono, muende nayo?" akauliza. "Ati lazima mzee atembee Kieni yote?"

Nilimjibu kwa upole kwamba kamba inaweza kuibwa, kulowa au kuvutwa ikarefuka na watu wenye nia mbaya, ilhali Mkurugenzi hawezi kubadilika. Papo hapo nikaandika Kanuni ya Nne: Kumbatio Rasmi ni la Mkurugenzi mwenyewe, na halitumwi kwa mtu mwingine. Nikaandika na Kanuni ya Tisa, ambayo naipenda kuliko zote. Inasema mwenye mti asiporidhika anaweza kuomba mti wake ukumbatiwe upya, mara nyingi kadiri apendavyo, bila malipo, na ofisi lazima ifike ndani ya siku saba. Kila safari ya kukumbatia upya ina posho. Haki na posho zikishikana mikono, nchi husonga mbele.

Matokeo yalipita matarajio. Mti ambao Kingori aliukumbatia mara moja, Bwana Wamae aliukumbatia mara moja na nusu. Ndani ya wiki tatu, bila tone la mvua, miti ya Kieni ilinenepa kwa nusu nzima. Nilituma ripoti. Makao makuu Nairobi yakatuletea barua ya pongezi na keki, na keki ikaandikwa kwenye daftari la mali ya ofisi kabla haijaliwa.

Sasa nije kwa Mama Wachuka, ambaye jina lake limo kwenye faili yetu mara tisini na sita.

Mama Wachuka ni mjane wa makamo anayekaa juu kidogo ya Chaka, kwenye uwanda ule ambao upepo hauna adabu. Mwezi wa Desemba upepo huo uliezua paa la nyumba yake yote, jiko na chumba cha kulala, ukalitupa paa kwenye shamba la viazi la jirani yake Ndungu. Mabati yalijikunja yasifae hata kufunika kuku. Ndungu akampa stoo yake alale, katikati ya magunia, na Mama Wachuka akawa analala huko akihesabu majuma. Januari ni kavu, Februari ni kavu. Mwisho wa Machi mvua ya masika huteremka kutoka mlimani, na kuta zake ni za udongo. Mvua ikizikuta bila paa, zingerudi kuwa shamba.

Alikuwa na miti ya saiprasi kumi na miwili, iliyopandwa na marehemu mumewe. Mtu wa kuichukua alikuwa Dhiren, mwenye duka la vyuma na mashine ya kupasua mbao mjini Nyeri, duka lililoanzishwa na babu yake. Kingori aliikumbatia miti yote: miti kumi na miwili, makumbatio kumi na mawili. Dhiren akaahidi kwamba akichukua miti hiyo atampa Mama Wachuka mabati, misumari, na mbao za paa zikiwa zimepasuliwa tayari. Wakashikana mikono. Ilikuwa biashara safi kabisa, isiyo na kasoro yoyote isipokuwa kwamba sisi hatukuwemo.

Tukafika. Bwana Wamae akavua koti na kuanza kazi, na mimi nikasimama nyuma ya kila mti nikipima pengo kati ya vidole vyake vya kulia na vya kushoto kwa viganja, kama mwongozo unavyotaka. Tulipomaliza, miti kumi na miwili ilikuwa na makumbatio kumi na manane.

"Hongera, mama," nikamwambia. "Ulikuwa na kumi na mawili, sasa uko na kumi na manane, na hujamwaga jasho."

"Lakini hii miti ni ile ile," akasema.

"Kwa macho, ndiyo."

Dhiren alikuja mwenyewe na gari lake. Alisoma cheti, akaitazama miti, akamtazama Mkurugenzi ubavuni, akakisoma cheti tena.

"Gicheru, sikia," akasema. "Nikipasua hii miti nitatoa mbao ya kumi na nane?"

"Kanuni inasema bei ni kwa kila kumbatio lililo kwenye cheti."

"Mashini yangu haijui kusoma kanuni. Hapa mnanipimia miti kumi na mbili na tumbo sita."

Bwana Wamae alicheka sana. Nimesema ni mtu mwema. Lakini kuuza chini ya kipimo rasmi ni kosa, kukata mti ambao haujauzwa ni kosa, na lori la magogo halipiti kizuizi chetu cha Chaka bila cheti chenye muhuri. Dhiren alimwambia Mama Wachuka pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, niliiona usoni mwake. Kisha akaenda kuagiza mbao za paini kutoka Tanzania, ambako miti bado ina ukubwa wake wa kuzaliwa.

Mwezi wa Februari soko lilitulia. Hilo ndilo neno nililotumia kwenye ripoti. Pale Chaka, misumeno iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ilinyamaza, ukaweza kusikia majogoo wa kituo cha basi kinachofuata. Hata wanunuzi wa Wang'uru, wanaochukua mbao za kujengea maghala ya mchele, waliacha kupanda huku. Kwa hesabu zetu watu wa Kieni hawajapata kuwa matajiri kiasi kile. Kila mmoja alikuwa na miti minene kuliko ya babu yake, na hakuna aliyeweza kuuza hata tawi. Walinuna, na nikapendekeza waelimishwe.

Siku moja Mama Wachuka alipanda ngazi zetu za Ruring'u. Kabla ya kuingia alisimama nje akasoma tangazo lote, kifungu kwa kifungu, kwa miwani iliyokuwa ya marehemu mumewe. Nilifurahi. Tangu tulibandike, yeye ndiye wa kwanza kulisoma hadi mwisho.

"Katibu," akasema, "hii ya tisa ni ya ukweli?"

"Ni ya kweli kabisa, mama. Ni haki yako."

"Hata mara mingi?"

"Kadiri upendavyo."

"Basi nataka fomu."

"Moja?"

"Nipatie kitabu yote."

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kwetu, na ni desturi nzuri. Afisa akifika kwa mtu hatoki na njaa. Hata akija kukushtaki, atanywa chai kwanza. Mwezi wa Januari tulikula vizuri kila boma: chapati, kuku, viazi vya kukaanga, na Bwana Wamae akisifu kila mpishi kwa jina. Mkono mtupu haulambwi, na wetu haukuwa mtupu hata siku moja. Kwa hiyo tulipokwenda kwa Mama Wachuka kukumbatia upya, Mkurugenzi alifika na uchu wake wote. Alikumbatia miti kumi na miwili, akajifuta jasho, akaketi kwenye gogo na kutazama upande wa jiko.

"Mama, hatusikii harufu yoyote," akasema kwa utani.

"Jiko haiko na paa, Mkurugenzi. Nikiwasha moto, upepo inajaza majivu kwa sufuria."

"Na chai?"

"Chai pia inataka moto."

Cheti kilisema kumi na manane kama mwanzo. Tulirudi Chaka kwa miguu, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta.

Juma lililofuata tuliitwa tena na Mama Wachuka. Tuliitwa pia na Ndungu mwenye mikaratusi arobaini, na wanawake wote wa chama cha akiba cha Mama Wachuka, ambao inaonekana waligawana kile kitabu cha fomu baada ya mkutano wao wa Jumapili. Nyumba hizi zote zilikuwa na mapaa. Nilidhani mambo yatakuwa mazuri. Mama wa kwanza alitupokea kwa heshima, akatuonyesha miti, akatushukuru, akasimama mlangoni mikono ikiwa imefungwa kifuani.

"Chakula iko?" nikauliza, maana Mkurugenzi hawezi kuuliza mwenyewe kila mahali.

"Iko, lakini ni mbichi. Hakuna kuni."

"Mama, umezungukwa na miti!"

"Kuni ni mti. Mti nikikata kabla uuzwe kwa kipimo, mnanishika. Si ndio mliandika?"

Nilikuwa nimeiandika ile kanuni vizuri mno. Nyumba ya pili walisema vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Kufikia katikati ya Machi tulikuwa tumepokea maombi mia tatu na ishirini ya kukumbatia upya, kila moja likidai kutekelezwa ndani ya siku saba, na Kieni nzima ilikuwa imeacha kupika mchana, au tuseme iliacha kupika kila ilipoliona koti la Mkurugenzi likipanda mlima.

Bandu bandu huisha gogo. Alikumbatia miti thelathini kwa siku, kisha arobaini, juani, akipanda na kushuka mabonde kwa glasi mbili za maji. Mimi nilikuwa naandika tu, na kuandika hakumpunguzi mtu. Yeye alianza na tundu la kwanza la mkanda wake, akahamia la mwisho. Kisha Kingori, ambaye alikuwa hana kazi na alipenda kutufuata akituangalia, akamtobolea matundu mapya kwa msumari. Cheti cha Mama Wachuka kilishuka kila juma: kumi na manane, kumi na saba, kumi na tano na nusu. Niliziandika tarakimu hizo bila kuzihoji. Takwimu zikianza kuhojiwa, hakuna ofisi itakayobaki wazi.

Jumanne ya mwisho ya Machi tulifika kwake kwa mara ya nane. Mawingu yalikuwa yameshaukalia mlima tangu asubuhi, na Mama Wachuka alikuwa akizitazama kuta zake za udongo kama mtu anayeaga. Bwana Wamae alivua koti, ambalo sasa lilimzunguka karibu mara mbili, akaukumbatia mti wa kwanza. Akabaki pale shavu lake likiwa kwenye gome.

"Mkurugenzi, kuna tatizo?" nikauliza.

"Gicheru," akasema kwa sauti ya chini, "vidole vimegusana."

Nilizunguka nikaona. Hapakuwa na pengo la kupima. Kingori naye akaja, akainama, akatazama kwa makini, akaupiga mti kofi mara mbili.

"Sasa hiyo ndiyo kumbatio," akasema. "Moja. Karibu kwa kazi, Mkurugenzi."

Bwana Wamae alikimbia kwenye mti wa pili. Sijawahi kumwona akikimbia, wala sikujua kwamba anaweza. Moja. Wa tatu, moja. Alipomaliza wa kumi na mbili alikuwa anacheka machozi yakimtoka, na Mama Wachuka alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Makumbatio kumi na mawili. Niligonga muhuri, maana kipimo rasmi ni kipimo rasmi. Jioni hiyo hiyo lori la Dhiren lilipita kizuizi cha Chaka na magogo yake, na kufikia Jumamosi paa jipya lilikuwa juu ya zile kuta, mabati yaking'aa hadi unayaona kutoka barabarani. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi nje ya saa za kazi.

Matatizo yalikuja na ripoti ya robo mwaka. Niliijumlisha mwenyewe, kwa uaminifu, nikitumia kumbatio la mwisho la Machi kwa miti yote, na ikaonyesha kwamba kati ya Januari na Machi miti ya Kanda ya Mlima ilikuwa imepungua kwa thuluthi moja. Nairobi hawakutuma keki. Walimtuma Bi Sumeya, Mkaguzi Mkuu, mwanamke mkimya mwenye viatu vya kupandia milima, aje awatafute wezi wa msitu.

Bi Sumeya alitafuta visiki siku mbili. Alivuka mabonde, akahesabu, akapiga picha. Siku ya tatu alituita sote nyumbani kwa Mama Wachuka, kwa sababu ndipo alipopata visiki pekee katika eneo lote.

"Thuluthi ya miti ya mlima haipo," akasema, "na visiki ni kumi na viwili, vyote vina cheti. Hawa wezi wanang'oa na mizizi, kisha wanafukia mashimo na kupanda nyasi?"

Kingori alitazama viatu vyake.

"Bwana Mkurugenzi, nakuuliza wewe. Msitu uko wapi?"

Bwana Wamae alifungua koti. Suruali ilikuwa imekunjwa kiunoni kama gunia lililofungwa mdomo, na mkanda ulikuwa na matundu mapya manne. Akaweka kiganja mahali ambapo zamani palikuwa na tumbo.

"Ulikuwa hapa," akasema.

Mtu wa kawaida angecheka. Bi Sumeya alikuwa mtumishi wa umma kwa miaka ishirini na mitatu, akaelewa mara moja. Alifungua daftari.

"Kwa hiyo Mkurugenzi ndiye kipimo."

"Kwa mujibu wa Kanuni ya Nne," nikasema.

"Na kipimo ni mali ya Serikali."

"Ndiyo."

"Na thuluthi ya mali hiyo imepotea akiwa nayo yeye mwenyewe."

Ilikuwa hoja isiyo na ufa, na moyoni niliipigia makofi. Akatoa uamuzi wake palepale. Kwanza, Bwana Wamae arejeshwe katika hali yake ya Januari ndani ya siku sitini, kwa gharama ya ofisi, milo minne kwa siku. Pili, asitembee bila kibali. Akinenepa, miti itanenepa, na makao makuu yatapata msitu wao. Tatu, kwa kuwa imedhihirika ni hatari kuweka msitu wote kwa mtu mmoja, ateuliwe Kipimo Kaimu, atakayekumbatia endapo Mkurugenzi ataugua. Akanitazama juu hadi chini, akaandika jina langu. Cheo hicho hakikuwahi kuwepo nchini. Nilitaka kumpigia mke wangu simu.

Wakati huo huo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilikuja yote pamoja, kama ilivyo kawaida yake huku, na sote tulikimbilia chini ya paa lililokuwa karibu, ambalo ni jiko la Mama Wachuka. Mabati yaliunguruma mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Hakuna tone lililoingia. Katikati ya jiko, moto wa mabanzi ya saiprasi, yaliyokatwa kihalali, ulikuwa unawaka chini ya sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, yenye nyama.

Mama Wachuka alichukua sahani, akampakulia Bi Sumeya. Akampakulia Kingori. Akanipakulia mimi. Alipofika kwa Bwana Wamae alimpita, akafunika sufuria.

"Na Mkurugenzi?" Bi Sumeya akauliza.

"Huyo hapana."

"Mama, ni agizo. Lazima ale."

"Agizo ni yako, sufuria ni yangu." Mama Wachuka aliketi juu ya kigoda, akaelekeza mwiko kwenye mvua, upande wa stoo ya Ndungu. "Huyo jirani alinilaza miezi tatu na hakuniuliza nitatoka lini. Miti yake mnakumbatia Alhamisi. Huyu akikula leo, akikula kesho, Alhamisi vidole haitagusana. Halafu Ndungu auzie nani?"

Bi Sumeya alifungua mdomo kutaja kifungu cha sheria, lakini ulikuwa umejaa githeri, na githeri ilikuwa nzuri. Akatafuna. Bwana Wamae alikuwa akiitazama sufuria kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza.

"Mama," akasema, "kijiko moja tu. Hata ya mchuzi."

"Mkurugenzi, mimi sina chuki na wewe. Umekuwa mtu poa siku hizi, hata umepata rangi. Maliza miti ya Ndungu. Maliza ya wale mama wa chama. Wote wakiuza, kuja hapa na bibi yako na nitawachinjia jogoo mbili."

Kisha mkuu wa Ofisi ya Kusimamia Soko la Miti Iliyosimama, Kanda ya Mlima, akasema, "Sawa, mama," akakinga glasi yake kwenye maji ya paa na kunywa.

Mama Wachuka akageuka, mwiko bado mkononi.

"Na huyu akizidiwa na njaa kabla ya Alhamisi, nani atakumbatia?"

Ningenyamaza. Kingori alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Lakini cheo changu hakikuwa kimetimiza nusu saa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenipongeza.

"Mimi," nikasema, nikasimama wima. "Kipimo Kaimu."

Mama Wachuka alinitazama tumboni, bila haraka. Nilikuwa nimekula vijiko viwili. Akanyoosha mkono, akaichukua sahani yangu, akammiminia Kingori.